Skripti Yako Inafanya Kazi kwa Jina la Nani?

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hebu niambie mwanangu, tangu lini tumeanza kuuza dawa za nguvu za kiume?"

Ilikuwa Julai 2014, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama huyu ana ofisi ya kupandisha wageni Mlima Kilimanjaro hapa Moshi, na Julai kwake ndiyo mavuno yenyewe. Wageni wa Marangu na Machame huandika barua pepe usiku kucha, na asubuhi yeye huamka kuzijibu kabla kilele cha Kibo hakijajifunika mawingu. Sasa mgeni mmoja kutoka Uingereza alikuwa ameitafuta ofisi yake Google, akabofya, akajikuta kwenye duka la vidonge.

Nikafungua tovuti yake kwenye laptop. Imetulia: picha ya kilele, bei ya siku sita, bei ya siku saba, kitufe cha kuweka nafasi. Nikamjibu, kwa ile sauti ya fundi anayejiamini, kwamba huenda kompyuta ya mgeni ndiyo ina virusi. Nikikumbuka hadi leo naona aibu. Mama hakubishana. Alisema tu, "Ingia kwa kupitia Google, kama wageni wanavyoingia." Nikaingia. Vidonge vile vile.

Mdukuzi alikuwa ameongeza mistari michache kwenye .htaccess, faili la maelekezo la tovuti: anayetoka Google apelekwe dukani, anayeandika anwani mwenyewe aachwe aione tovuti kama kawaida. Ujanja mzuri, maana mwenye tovuti huandika anwani mwenyewe. Mteja wake ndiye anayetoka Google.

Seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ilikuwa yangu, nimeikodi, iko Frankfurt, memori gigabaiti 2. Juu yake nilikuwa nimepanga tovuti 19: ofisi za utalii, loji mbili, shule, duka la vifaa vya ujenzi, na kwaya moja ya usharika niliyoitengenezea bure kama sadaka. Nikafuta ile mistari kwenye tovuti ya mama. Nikapitia nyingine moja moja nikiwa nimekaa na chai. Zote 19 zilikuwa na ugonjwa uleule. Nikasafisha zote, nikabadilisha nywila, saa nane mchana nikafunga laptop na kwenda kula.

Kesho yake alfajiri vidonge vilikuwa vimerudi.

Nilisafisha mara tatu wiki ile. Mara ya tatu nilikaa karibu na soko la Mbuyuni na bando la simu linalokaribia kuisha, ndipo nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ya kwanza. Kabla ya kufuta faili, niliangalia ni la nani. Ukiandika ls -l .htaccess, Linux, mfumo unaoendesha seva, inakuonyesha mstari kama huu:

-rw-r--r-- 1 www-data www-data 2847 Jul 11 02:14 .htaccess

Jina la kwanza ni la mmiliki, la pili ni la kundi. Nilitegemea kupata fununu: mwizi kaingilia wapi, kwa mama, kwa shule, au kwa kwaya? Jibu la seva lilikuwa www-data, jina la programu inayohudumia tovuti zote. Nikaangalia faili jingine, www-data. Yote 19, www-data. Ni kama kuamka ukute nyumba imeibiwa, uulize nani aliingia, uambiwe "mlinzi". Mlinzi huingia kila siku, mbona!

Huo mfano wa mlinzi sikuutunga. Nimekulia Soweto ya hapa Moshi, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba nane na geti moja. Kwa miaka kadhaa mwenye nyumba alimpa mlinzi funguo za ziada za vyumba vyote, ili mtu akisahau kuzima pasi au akiomba kuletewa kitu, mlinzi aingie. Mlinzi alikuwa mtu mwema. Tatizo lake ni kwamba alitumwa na kila mtu. Ungemwambia, "Kaniletee ndoo chumba namba nne," angekuletea, hakuulizi wewe ni wa chumba gani. Haikuhitajika mlinzi kuwa mwizi. Ilitosha mpangaji mmoja kuwa na mgeni mbaya.

Sasa njoo kwenye seva. Apache, programu inayopokea wageni na kuwapa kurasa, ikianza kazi huanza kama root, yaani bwana mkubwa wa mfumo, kwa sababu mlango (port) namba 80 ambao wageni wa tovuti huupitia, na milango mingine iliyo chini ya 1024 kwa desturi ya Unix, babu wa Linux, hufunguliwa na root peke yake. Ikishaufungua, michakato yake inayohudumia watu hujivua ukubwa huo na kuwa mtumiaji mnyonge. Kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, huitwa www-data, kwenye ukoo wa Red Hat huitwa apache. Hii ni busara: mtu akiivunja Apache asijikute ameshika seva nzima. Lakini mimi, kama maelfu ya wengine, nilikuwa naendesha PHP, lugha ya skripti (programu ndogo) za tovuti, ndani ya Apache yenyewe, kwa kiungo chake kiitwacho mod_php. Kwa hiyo skripti ya mama ilikuwa www-data, skripti ya shule www-data, skripti ya kwaya www-data. Tovuti 19, mtu mmoja.

Nikajipima. Kwenye folda ya kwaya niliweka faili lenye mstari mmoja tu wa PHP: readfile, kisha njia ya kuelekea wp-config.php, faili la siri za tovuti, ya ofisi ya mama. Nikalifungua kwenye kivinjari. Ukurasa ukaja mweupe, kwa sababu kivinjari kilidhani ile alama ya kufungulia PHP ni msimbo (code) wa ukurasa. Nikabofya kuona chanzo cha ukurasa, na hapo hapo: jina la hifadhidata, mtumiaji, nywila, zimepangwa vizuri kama mnada wa mitumba Kiboriloni. Sikuvunja kitu chochote. Nilimtuma mlinzi, akaenda.

Na kibaya zaidi, kuandika nako kulikuwa wazi, na hilo nililifanya mwenyewe kwa mikono yangu. WordPress, programu niliyojengea tovuti hizi, unapotaka kuongeza plagini (kipande cha nyongeza), hujaribu kwanza kuona kama faili inaloandika linamilikiwa na yule yule anayemiliki faili zake. Kama sivyo, inakutolea fomu ya kuomba nywila ya FTP, njia ya kupakia mafaili kwenye seva. Wateja waliiogopa ile fomu. Nami nilipotafuta dawa mtandaoni miaka ile, jibu lilikuwa lile lile kila kona: uilazimishe WordPress iandike moja kwa moja bila kuuliza, kisha chmod 777, amri ya kubadilisha ruhusa. Saba ya kwanza ni mwenyewe, ya pili ni kundi, ya tatu ni kila mtu mwingine, na saba maana yake asome, aandike, aingie. Kwingine nilipotaka kuonekana mtaalamu zaidi niliikabidhi folda nzima kwa www-data. Fomu ikaondoka, wateja wakafurahi, na mimi nikawa nimeng'oa milango yote ya ndani. Kusafisha chumba kimoja kimoja katika hali ile ni kufukuza panya kutoka sebuleni kwenda jikoni.

Tundu lenyewe nilikuja kulipata kwenye tovuti ya kwaya: plagini ya albamu ya picha, haijasasishwa mwaka mzima, inakubali kupakiwa faili lolote hata kama si picha. Kosa si la kwaya. Wao ni watu wa sauti ya pili na ya tatu, mimi ndiye niliyewaahidi matunzo.

Mawazo ya kutenganisha watu kwenye mashine moja ni ya zamani kuliko mimi. Dennis Ritchie, mmoja wa waliotengeneza Unix pale Bell Labs, aliomba hataza mwaka 1973 kwa kitu kinachoitwa setuid, akapewa 1979. Ni alama moja ndogo juu ya programu inayosema: yeyote atakayeniwasha, mimi nitafanya kazi kwa jina la mmiliki wangu, si kwa jina lake. Bila hiyo usingeweza kubadilisha nywila yako mwenyewe, maana faili la nywila ni la root na wewe si root.

Na ndiyo iliyoipa Apache njia ya kutoka. Fikiria: imeshakuwa www-data, na aliyejivua ukubwa hawezi kuuvaa tena kwa kutaka tu. Ombi la ukurasa wa kwaya likija, itajigeuzaje kuwa kwaya? Jibu la Apache yenyewe lilikuja na toleo 1.2 mwaka 1997, likaitwa suEXEC: kijiprogramu kidogo kinachomilikiwa na root, chenye ile alama ya Ritchie. Apache hukiita na kusema, niendeshee skripti hii kwa jina la fulani. Chenyewe ni kikali kuliko karani yeyote niliyewahi kukutana naye dirishani. Huuliza: aliyekuita ni Apache kweli? Huyo fulani yupo? Si root? Folda ni yake? Kuna mtu mwingine anayeweza kuandika humo? Likikosekana jibu moja, skripti haiendi, na mgeni anaona kosa namba 500. Yaani ile 777 yangu ingekataliwa mlangoni. Waandishi wa Apache wenyewe huonya kwamba kama hujui programu za setuid root usikiguse, kwani karani wa namna hii akikosea kidogo amempa mtu funguo za jengo.

PHP nao walijaribu njia ya mkato, safe_mode, ambapo PHP yenyewe ililinganisha mmiliki wa skripti na mmiliki wa faili linaloguswa. Kitabu chao cha maelekezo kilikiri wazi kwamba hapo si mahali pake pa kutatuliwa, na PHP 5.4 ilipotoka 2012 wakaiondoa. Kuna watu hadi leo wanaegemea open_basedir, mpangilio mwingine wa PHP, kwa imani hiyo hiyo. Inazuia amri za PHP za kufungua faili nje ya folda uliyotaja, sawa, lakini skripti ikiruhusiwa kuita programu ya nje, ile programu haijui open_basedir ni mnyama gani.

Nilichokifuata mimi ni PHP-FPM, ambayo imo ndani ya PHP tangu 5.3.3 ya mwaka 2010. Hapa PHP inatoka ndani ya Apache kabisa. Anakuwepo msimamizi mmoja, ni root, naye anazaa vikundi vya wafanyakazi. Kila tovuti ina kikundi chake na faili lake la maelekezo, na mistari ya juu kabisa inasema user = kwaya, group = kwaya. Mfanyakazi akizaliwa anageuzwa kuwa mtumiaji huyo kabla hajaona hata ombi moja. Apache inapokea mgeni, inaona ukurasa ni wa kwaya, inapeleka ombi kwenye soketi (dirisha la kupokelea maombi) ya kwaya. Picha na mafaili ya mtindo inayatoa yenyewe.

Nilikesha Ijumaa usiku. Watumiaji 19, useradd (kuunda mtumiaji) moja baada ya nyingine, chown (kubadilisha mmiliki) ya folda, chmod. Hifadhidata nazo zikapata watumiaji 19, kwa sababu (niseme tu) awali zote zilitumia mtumiaji mmoja na nywila moja. Saa tisa usiku tovuti nne zikaanza kutoa kosa 500: zilikuwa na mistari ya php_value ndani ya .htaccess, na Apache isiyo na mod_php haijui neno hilo. Ikahamishiwa kwenye faili la kikundi, yakaisha.

Kisha memori. Kila mfanyakazi wa PHP kwenye seva yangu alikula megabaiti 40 hivi. Tovuti 19, kila moja na wafanyakazi watano wanaosubiri, ni karibu gigabaiti 4, nami nilikuwa na 2. Wengi hukwama hapo na kurudi kwa mod_php, na ninawaelewa. Kilichoniokoa ni mstari wa FPM usemao pm = ondemand, yaani mfanyakazi aje akihitajika tu. Ni kama mfongo, mfereji wa maji, kule Kibosho: maji ni yale yale ya wote, lakini yanafunguliwa kwenye kihamba (shamba) cha mwenye zamu, akimaliza yanazibwa. Kikundi hakina mfanyakazi hata mmoja mpaka mgeni abishe hodi, na mfanyakazi akikaa sekunde 10 bila kazi, ambazo ndizo za kawaida usipobadilisha, anaondoka. Mgeni wa kwanza husubiri kidogo. Tovuti ya duka la vifaa vya ujenzi hupata wageni kumi kwa siku, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika.

Alfajiri nikarudia jaribio langu. Ile skripti ya mstari mmoja, kutoka folda ya kwaya, kwenda wp-config ya mama.

Nywila ikatokea. Ile ile mpya niliyoiweka saa tano zilizopita.

Nilikaa nikaitazama. Nilikuwa nimefanya nini? Ili Apache iweze kusoma picha, nilizipa folda kundi la www-data, ruhusa 750, mafaili 640, yaani kundi lisome bila kuandika, wengine hapana. Sawa kabisa. Lakini saa sita usiku, nilipoona kosa fulani la ruhusa, niliwaingiza watumiaji wote 19 kwenye kundi la www-data ili "mambo yaende". Mambo yalienda. FPM humgeuza mfanyakazi pamoja na makundi yake yote ya ziada, kwa hiyo kwaya alikuwa mwanakundi wa www-data, na mwanakundi anasoma. Niliwanyang'anya wapangaji funguo ya mlinzi kisha nikamchongea kila mmoja nakala yake. Niliwatoa wote kwenye kundi, nikaianzisha FPM upya, nikajaribu tena: ruhusa imekataliwa. Sijawahi kufurahia kosa kiasi kile.

Bado kulikuwa na kona moja. Mlinzi wa zamani hajafukuzwa kazi, anaendelea kugawa picha kwa jina la www-data, na bado anaweza kutumwa. Mdukuzi aliye ndani ya kwaya anatengeneza kiungo, symlink, kinachoitwa picha.txt lakini kinachoelekea wp-config ya mama. Yeye hawezi kukisoma. Lakini akiiomba Apache kwa kivinjari, Apache inaweza, nayo inamletea kama maandishi ya kawaida. Dawa ya kwanza ni kuiambia Apache ifuate kiungo pale tu kiungo na faili linaloelekewa ni vya mmiliki mmoja. Dawa ninayoiamini zaidi ni 600 juu ya wp-config: asome mwenyewe, kundi na wengine hapana. PHP inaendeshwa kwa jina la mwenyewe, kwa hiyo haipungukiwi kitu. Apache haihitaji kulisoma faili hilo hata siku moja.

Kuna jambo wauzaji wa hosting (wanaopangisha nafasi kwenye seva) hawalisemi wakikutangazia "kila akaunti imetengwa". Utengano huu unamlinda jirani yako dhidi yako. Wewe mwenyewe unaweza kuwa umedhoofika. Zamani, kama faili za msimbo zilikuwa zako na ruhusa ni 644 (wewe uandike, wengine wasome tu), skripti iliyotekwa ilikuwa www-data na isingeweza kuziandika. Sasa skripti ni wewe. Inaandika kila kitu ulicho nacho. Ndiyo maana baadhi ya mafundi hutumia watumiaji wawili kwa tovuti moja, mmoja mwenye msimbo, mwingine wa kuuendesha, na kuacha folda ya picha peke yake ndiyo ya kuandikwa. Nimefanya hivyo kwa ofisi za utalii, ambako fedha za watu zinapita. Kwa wengine sijafanya, kwa uvivu na kwa sababu wanapenda kusasisha plagini wenyewe.

Na ukitaka kujua seva uliyopanga inakuendesha kwa jina la nani, usidanganyike na get_current_user ya PHP. Jina lake linakufanya uamini, lakini inarudisha mmiliki wa faili la skripti, si jina la mchakato unaoiendesha. Mimi ilinidanganya kwa miezi. Tumia posix_geteuid, kisha uitafute namba hiyo kwa posix_getpwuid. Likitokea jina la akaunti yako, vizuri. Likitokea www-data au nobody, muulize mwenye seva majirani zako ni akina nani.

Mwaka jana kwaya walidukuliwa tena. Plagini nyingine, hadithi ile ile: nilikuwa nimewakabidhi usasishaji wenyewe, nao walikuwa kwenye maandalizi ya uzinduzi. Safari hii ls -l ilinijibu kitu. Kila faili geni lilikuwa na mmiliki kwaya, yote ndani ya folda ya kwaya, na nilipozitafuta tovuti nyingine zote faili lililobadilika usiku ule sikupata hata moja. Nikarudisha nakala ya Jumapili, nikaifunga ile plagini, saa moja na nusu imetosha. Mwenyekiti wa kwaya aliuliza swali moja tu, kama nyimbo zao bado zipo. Zipo, mzee.

Nilikuwa bado nanawa mikono, simu ikaita. Mama wa ofisi ya utalii. Moyo ukashtuka kama ule mwaka 2014.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, mbona ukurasa wa mbele umeandika Kibo halafu picha ni ya Mawenzi?"